Froome hakunyimwa La Toussuire, alinyimwa Peyragudes

KUNA ubishi mmoja ambao sisi Waswahili tunaoishi huku Uingereza tumekuwa nao tangu mwaka 2012 na mpaka leo haujaisha. Kila Julai mbio za baiskeli za Tour de France zinapoanza, hata kama tumekaa kwa kinyozi tunazungumza mambo mengine kabisa, lazima atokee mtu aseme: "Kijana wetu wa Nairobi walimnyima ubingwa. Walimwambia asimame ili Mwingereza ashinde." Na tangu Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia yalipofanyika Kigali na ndugu zetu wengi wakaufuatilia mchezo huu kwa mara ya kwanza, ubishi umezidi kupamba moto, maana sasa kila mtu amekuwa mtaalamu wa milima.

Kijana anayetajwa ni Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio hizi kwa David Kinjah pale Kikuyu, na aliiwakilisha Kenya kabla ya kuchukua leseni ya Uingereza mwaka 2008. Kwa hiyo sishangai watu wetu wakimwita wa kwetu. Ninachokipinga ni hesabu zao. Nasema wazi kwamba siku ile ya La Toussuire Froome hakunyimwa ubingwa, na amri ya kumzuia ilikuwa sahihi. Lakini wiki moja baadaye alinyimwa kitu kingine, na hicho watu hawakisemi kabisa.

Tuanze na siku yenyewe. Tarehe 12 Julai 2012, hatua ya 11, kutoka Albertville mpaka La Toussuire katika milima ya Alps, kilomita 148. Timu ya Sky ilikuwa na jezi ya njano, nayo ilivaliwa na Bradley Wiggins. Bingwa wa mwaka uliotangulia, Cadel Evans wa Australia, alikuwa nyuma na alijua kwamba akisubiri atakwisha, kwa sababu mbele kulikuwa na mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa, na huko Wiggins alikuwa hana mpinzani. Basi Evans akachomoka mapema, mlima wa Glandon, zikiwa zimebaki kilomita zipatazo 60. Mwenzake Tejay van Garderen alikuwa ametangulia mbele kidogo, akamngoja ili wasaidiane.

Kwa mtu asiyeujua mchezo huu, hapo angetegemea Wiggins ainuke kwenye kiti chake amfukuze Evans mbio mbio. Hakufanya hivyo. Watu wa Sky waliendelea na mwendo wao ule ule, mmoja mbele akivuta, wengine nyuma yake kama siafu. Evans akaning'inia pale mbele kidogo, kisha akarudishwa bila kelele yoyote. Mlima wa mwisho alikuwa amechoka kabisa akaachwa.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu anayetangulia kwenye baiskeli anapasua upepo, na anayemfuata gurudumu kwa gurudumu anaokoa nguvu nyingi. Kwenye tambarare akiba hiyo hukaribia theluthi moja. Mlimani mwendo unapungua na upepo unapungua nao, hivyo akiba inakuwa ndogo, lakini haiishi. La Toussuire ni mlima wa kilomita 18 hivi usio mkali sana, wastani wake kama asilimia 6, na watu hawa wanaupanda kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuwezi hata kwenye barabara ya lami iliyonyooka. Kwenye mlima wa namna hiyo kukaa nyuma ya mtu ni mali.

Lakini faida kubwa zaidi si ya upepo. Ni ya mwendo. Timu ikiweka mbele mtu mwenye nguvu akavuta kwa kasi iliyo karibu na kikomo cha kila mmoja, anayetaka kuchomoka inabidi apite kikomo hicho. Anaweza, kwa dakika mbili au tatu. Baada ya hapo miguu inajaa sumu, na wale waliobaki na mwendo wao wa siku zote wanamkuta. Kwa hiyo yule anayevuta mbele hamfukuzi mtu. Anaifanya bei ya kutoroka iwe kubwa mno. Akimaliza nguvu zake anajitoa pembeni, anayefuata anashika zamu, na kadhalika mpaka anabaki kiongozi na mtu mmoja wa mwisho. Sky walikuwa na Michael Rogers, halafu Richie Porte, halafu Froome. Ukiwatazama utadhani hawafanyi kitu. Ndiyo maana watu wengi walilalamika kwamba timu ile iliua raha ya mbio, na mimi mwenyewe nakiri kwamba kuna siku nilisinzia kwenye kochi.

Wafaransa wana jina la huyu anayevuta na kujitoa, jina ambalo maana yake ni mtumishi wa nyumbani. Anachota maji kwenye gari la timu, anapanda nayo chupa zimejaa mgongoni ndani ya jezi, anagawa, kisha anakwenda mbele kuunguzwa na upepo. Akifika mwisho wa siku ni wa 60 au wa 90, na hakuna anayemuuliza lolote. Aliyewahi kupandisha mkokoteni wa magunia kilimani anajua kwamba mteja hulipa mwenye mkokoteni, hamuoni yule aliyekuwa anasukuma kwa nyuma.

Sasa turudi mlimani. Vincenzo Nibali wa Italia akashambulia mara mbili. Mara ya pili alipata mwanya, na aliyeuziba ni Froome, Wiggins akiwa amekaa kwenye gurudumu lake. Walipomfikia Nibali, zikiwa zimebaki kama kilomita 4, Froome hakupumua. Akaongeza gia akaondoka! Na aliyeshindwa kumfuata alikuwa Wiggins, mwenye jezi ya njano. Dunia nzima ikaona. Kisha tukaona Froome anashika kifaa cha sikioni, anasikiliza, anapunguza, anatazama nyuma, anamngoja. Pierre Rolland wa Ufaransa, aliyekuwa ametangulia kitambo, akashinda hatua. Froome akamaliza wa tatu, na Wiggins akaingia sekunde 2 tu nyuma yake.

Picha hiyo ndiyo iliyotuletea ubishi wote huu. Jamaa yangu mmoja wa Mombasa, ambaye tunaheshimiana sana ila si kwa habari za michezo, husema kwamba pale pale ndipo ubingwa ulipoibiwa. Mimi nimemwambia mara nyingi: chukua kalamu.

Baada ya hatua ile Froome alikuwa wa pili, nyuma ya Wiggins kwa dakika 2 na sekunde 5. Zilitoka wapi dakika hizo? Siku ya utangulizi, Wiggins alimzidi sekunde 9. Hatua ya kwanza, kuelekea Seraing, Froome alipata pancha karibu na mwisho akapoteza dakika 1 na sekunde 25. Hatua ya 9, mbio dhidi ya saa mpaka Besançon, Wiggins alishinda na Froome akawa wa pili kwa sekunde 35. Jumla ni dakika 2 na sekunde 9. Toa sekunde 2 alizompunguzia La Planche des Belles Filles siku aliyoshinda, toa 2 za La Toussuire, unapata 2 na 5 kamili. Halafu mbio zilipofika Chartres, dhidi ya saa tena, kilomita 53 na nusu, Wiggins alimwongezea dakika 1 na sekunde 16. Jumlisha: dakika 3 na sekunde 21. Hiyo ndiyo tofauti iliyotangazwa Paris, bila kuongezeka wala kupungua hata sekunde moja.

Maana yake ni nini? Kwamba Froome hakupoteza hata sekunde moja mlimani kwa Wiggins katika hatua zote hizo. Alipoteza kwa pancha na kwa saa. Mbio za mwaka 2012 zilikuwa na zaidi ya kilomita 100 za mtu na saa yake, na ramani hiyo ilimfaa Wiggins kama shati lililoshonwa kwa kipimo chake. Tuseme La Toussuire wangemwachia Froome aende. Kilomita 4 zilizobaki angepata nini? Nusu dakika, labda dakika nzima kama Wiggins angevunjika moyo. Bado Chartres inamngoja. Hapo ubingwa uko wapi?

Na kuna jambo jingine ambalo jamaa yangu halitaji. Nibali alikuwa pale pale. Baada ya hatua ile alikuwa nyuma ya Wiggins kwa dakika 2 na sekunde 23 tu. Froome akiondoka, Wiggins anabaki peke yake na Nibali na wengine, wala hana mtu wa timu yake wa kumvutia. Unamwacha mwenye jezi ya njano mlimani akiwa mwenyewe, amechoka, na adui yuko ubavuni, ili mtu wako wa pili apate nusu dakika ambayo haitoshi? Kocha anayefanya hivyo angefukuzwa kazi usiku ule ule, na mimi ningemfungia mizigo.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa mwaka 2022, na ni mfano mzuri, ngoja nisiukwepe. Tarehe 13 Julai 2022, miaka kumi na siku moja baadaye, hatua ya 11 tena, kutoka Albertville tena, safari hii mpaka Col du Granon. Jezi ya njano alikuwa nayo Tadej Pogačar. Timu ya Jumbo-Visma ilikuwa na watu wawili wakubwa, Primož Roglič na Jonas Vingegaard, na ilifanya hasa kile ambacho watu wanasema Sky walipaswa kufanya. Kuanzia Télégraphe mpaka Galibier walimshambulia kwa zamu. Roglič anachomoka, Pogačar anamfuata; kabla hajapumua Vingegaard anachomoka, Pogačar anamfuata huyo naye. Timu yake ilikuwa imepungukiwa kwa ajili ya Covid, kwa hiyo kila shimo aliziba mwenyewe. Alionekana kama anacheza, hata akicheka mbele ya kamera. Kisha kwenye Granon, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, zikiwa zimebaki kilomita kama 5, Vingegaard akaondoka na Pogačar hakuwa na jibu. Alipoteza dakika 2 na sekunde 51 siku ile, na jezi nayo.

Uzuri ulioje! Lakini tazama hali zao. Jumbo walikuwa nyuma. Vingegaard alikuwa amezidiwa sekunde 39, na Roglič, aliyeumia bega siku ya mawe ya kaskazini, alikuwa nyuma zaidi. Hawakuwa na cha kulinda. Aliye nyuma ndiye anayepaswa kuvuruga, na mwenye watu wawili anavuruga vizuri zaidi kwa sababu adui hawezi kuwapuuza wote. Sky mwaka 2012 walikuwa mbele kwa dakika mbili, na yule wa pili alikuwa wao wenyewe. Wangemvuruga nani? Wangejivuruga wenyewe. Silaha ni ile ile, vita si ile ile.

Basi mpaka hapo nimeitetea Sky. Sasa niwageukie.

Tarehe 19 Julai 2012, hatua ya 17, milima ya Pyrenees, kilele cha Peyragudes. Huu ulikuwa mlima wa mwisho wa mbio zote. Mbele yake kulikuwa na hatua moja ya tambarare, ile ya Chartres, na sherehe za Paris. Alejandro Valverde wa Hispania alikuwa ametangulia peke yake, amechoka, anayumba. Nyuma yake Wiggins na Froome walikuwa wamewaacha wote. Wote, Nibali akiwemo! Hapakuwa tena na adui ubavuni. Na tukaona kitu ambacho mimi sitakisahau: Froome anatangulia mita kadhaa, anageuka, anampungia Wiggins mkono aje, anangoja, anatangulia tena, anageuka tena. Kama mtu mzima anayemvusha mtoto barabara. Valverde akafika kwanza. Froome na Wiggins wakaingia wa pili na wa tatu, sekunde 19 nyuma yake.

Sekunde 19! Kwa namna Froome alivyokuwa akipanda siku ile, Valverde alikuwa wa kukamatwa. Na timu ilikuwa inalinda nini? Nibali alikuwa ameachwa, na jioni ile pengo lake likafika dakika 2 na sekunde 41. Froome mwenyewe asingeweza kurudisha dakika mbili katika kilomita zile chache. Na hata angerudisha nusu yake, Chartres ilikuwa ya Wiggins. Hapakuwa na hatari yoyote. Kilichokuwa kinalindwa ni picha tu, jezi ya njano isionekane inaachwa na mtumishi wake mbele ya televisheni. Kwa ajili ya picha, mtu aliyevuta milima yote ya Ufaransa hakufunguliwa mlango wa kushinda hatua moja.

Najua kazi ya mtumishi ni kutumika. Amelipwa mshahara, amesaini mkataba. Lakini mchezo huu umeishi miaka mingi kwa sheria ambayo haikuandikwa popote: kiongozi akishajihakikishia chake, humwachia mtu wake apate cha kwake. Malipo ya mtumishi si fedha peke yake, ni siku ile moja anayoambiwa leo nenda. Usipomlipa, hana sababu ya kukuchotea maji kesho. Vitabu ambavyo Wiggins na Froome waliandika baadaye vinaonyesha wazi kwamba mambo yale hayakuisha mlimani.

Tena Froome hakuwa mgeni wa deni hili. Nenda Hispania mwaka 2011, mbio za Vuelta. Alikuwa hajulikani, amekwenda kumtumikia Wiggins huyo huyo. Baada ya mbio dhidi ya saa za Salamanca akajikuta amevaa jezi nyekundu ya uongozi. Hatua iliyofuata, mlima wa Manzaneda, akavuta mbele kwa ajili ya Wiggins mpaka akaishiwa, jezi ikahamia kwa Wiggins. Kwenye Angliru alikaa na Wiggins sehemu kubwa ya mlima wakati Juan José Cobo anapaa zake. Mwisho wa mbio Cobo alimshinda Froome kwa sekunde 13. Kumi na tatu, katika wiki tatu! Pale, ndugu zangu, naweza kukubali kwamba mtu alipoteza ubingwa kwa kungoja, na sielewi kwa nini wabishi wetu hawautaji mwaka huo. Mwaka 2019 Cobo alifutwa kwa kosa la dawa, na Froome akapewa ushindi ule baada ya miaka minane. Kombe lenyewe lilifika lakini jukwaa la Madrid halirudi.

(Na kwa kuwa nimetaja dawa: mnaotaka kuniandikia kuhusu ripoti ya kamati ya Bunge la Uingereza ya mwaka 2018 iliyoilaumu Sky kimaadili, lawama ambazo timu na Wiggins walizikana, naijua. Hiyo ni makala nyingine.)

Anayetaka kuona jinsi deni linavyolipwa atazame Vuelta ya mwaka 2023. Sepp Kuss, Mmarekani, alikuwa amemtumikia Roglič kwenye Giro na Vingegaard kwenye Tour mwaka huo huo. Hispania akajikuta yeye ndiye mwenye jezi nyekundu, na mabwana zake wawili wako nyuma yake katika timu moja. Tarehe 13 Septemba, Angliru, hao wawili wakamwacha. Wakaenda zao, wa kwanza na wa pili, na Kuss akabaki anaburuzwa na Mikel Landa, mtu wa timu nyingine kabisa! Jioni alikuwa amebakiwa na sekunde 8 tu za uongozi. Mashabiki wakachachamaa. Siku zilizofuata Roglič na Vingegaard wakakaa naye mlimani, na Kuss akaingia Madrid bingwa kwa sekunde 17 mbele ya Vingegaard. Timu haikupoteza chochote. Ilichukua nafasi zote tatu za juu.

Froome naye hatimaye alipata zamu yake, mwaka 2013, na siku ya Alpe d'Huez alipoishiwa nguvu ni Porte aliyemchotea chakula kwenye gari kilomita ambazo sheria hairuhusu. Wote wawili wakakatwa sekunde 20. Froome alishinda Tour mwaka huo, akashinda tena 2015, 2016 na 2017.

Nilimsomea jamaa yangu wa Mombasa hesabu zote hizi Jumamosi iliyopita, kalamu mkononi, kinyozi akiwa amesimamisha mashine kusikiliza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Sawa, ndugu yangu, La Toussuire nakuachia. Lakini pale Peyragudes alikuwa anampungia mkono wa nini?"

Hapo tukakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu 2012.